Subira Yenye Tarehe

Sote tumekua tukimwona Mwalimu Nyerere. Yumo kwenye noti ya elfu moja unayompa mama ntilie, yumo ukutani kwenye ofisi unazopanga foleni, na kila tarehe 14 Oktoba tunapata mapumziko kwa ajili yake. Shida ya mtu unayemwona kila siku ni kwamba mwisho humwangalii tena. Shule ya msingi tulifundishwa kuwa aliongoza nchi kupata uhuru bila kumwaga damu. Tukaandika, tukawekewa vema, tukageuza ukurasa. Darasani kwetu hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza: ilikuwaje? Mkoloni mwenye askari, magereza na hazina anaondokaje kwa maneno tu? Ukilisoma haraka haraka, hilo la "bila kumwaga damu" linasikika kama bahati ya mtende, au kana kwamba Waingereza walikuwa wapole, wakafunga virago vyao wakaaga.

Kilichonifanya nimtazame upya si hotuba ya sikukuu. Ni mkutano mmoja uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958, Nyerere akiwa hajafikisha hata miaka 36. Na ni sakata letu la bumu hapa chuoni semista iliyopita, ambalo wengi wenu mnalikumbuka vizuri kuliko mnavyokumbuka mtihani. Nitaeleza yote mawili, maana kwangu hayaachani.

Kwanza mjue ninakotoka. Mimi ni mtu wa Songea, na kwetu vita si habari ya kitabuni. Pale mjini kuna makumbusho ya Majimaji, na kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Vita vyenyewe vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, vikasambaa kusini yote. Wajerumani walipoona mapigano hayaishi, wakageukia mashamba na maghala, wakachoma. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Babu yangu alizaliwa zaidi ya miaka 30 baadaye, lakini alilelewa na bibi yake, ambaye njaa ile aliiona kwa macho akiwa binti mdogo. Babu husema bibi huyo alikuwa haachi punje ya mahindi ibaki chini. Wageni wakiondoka, anainama anaokota. Kwa hiyo TANU ilipofika kijijini kwao miaka ya hamsini, wazee hawakuhitaji kuelezwa ubaya wa kutawaliwa. Waliuliza jambo moja tu: "Safari hii tunapigana kwa kitu gani?" Mhamasishaji akatoa kadi mfukoni. Babu anasema watu walicheka sana. Kadi ya karatasi dhidi ya serikali yenye bunduki! Lakini walinunua. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mjukuu wangu, maji yalikuwa yametudanganya mara moja. Karatasi angalau haikuahidi kugeuza risasi."

Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni. Uzito wake nimeuelewa nikiwa hapa, maktaba, nikiandaa semina ya somo la historia. Kwa watu wa kwetu, njia ya amani haikuwa woga. Ilikuwa hesabu ya watu ambao walishazika.

Sasa twende Tabora.

TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida; ilikuwa nchi ya udhamini, Uingereza ikiiongoza chini ya jicho la Umoja wa Mataifa. Nyerere aliuona mlango huo mapema. Machi 1955 alikwenda New York kwa nauli ya michango ya wanachama, akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka mmoja kabla ulikuwa umependekeza kwamba uhuru unaweza kupatikana ndani ya miaka 20 hadi 25, na hata hiyo Waingereza waliiona ni haraka mno. Aliporudi alitakiwa achague: siasa au kazi yake ya ualimu kule Pugu. Akaacha kazi, akiwa na mke na familia changa. Tunaolia bumu likichelewa wiki mbili tufikirie kidogo mtu anayeukata mshahara wake kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubanwa. Matawi ya TANU yalifungiwa katika wilaya kadhaa. Mwaka 1957 Nyerere mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi. Halafu serikali ikaja na uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, na masharti yake yalikuwa ya kuudhi kweli kweli. Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ulitakiwa uwe na kipato fulani, au elimu fulani, au wadhifa fulani. Wananchi walio wengi waliachwa nje. Na yule mchache aliyeruhusiwa alilazimika kupiga kura tatu: moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Katika nchi ambayo Waafrika walikuwa karibu watu wote, viti viligawanywa sawa kwa rangi tatu. Pembeni kulikuwa na chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kikisubiri kwa hamu.

Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa na neno moja mdomoni: tususe. Nani angewalaumu? Kushiriki kulionekana sawa na kukubali kwamba Mzungu mmoja ana uzito wa maelfu ya Waafrika. Nyerere akasimama na hoja iliyokwenda kinyume na hasira ya ukumbi mzima, na kinyume na hasira yake mwenyewe, maana kura tatu naye alizipinga. Alisema tuingie.

Hoja yake ukiichambua ilikuwa ya kimkakati kabisa. TANU ikisusa, uchaguzi utafanyika tu, na viti vyote vitakwenda kwa UTP. Kesho yake serikali itauambia ulimwengu: hawa ndio wawakilishi halali wa Tanganyika. Zaidi ya hapo, ile kura tatu iliyobuniwa kuigawa TANU inaweza kugeuzwa. Kama kila mpiga kura lazima achague Mzungu na Mwasia, basi wapiga kura Waafrika ndio watakaoamua Mzungu yupi na Mwasia yupi. Mtego ule ule unamnasa aliyeutega.

Wengi walikubali, na ndiyo maana hadi leo tunauita Uamuzi wa Busara. Lakini haikuwa bure. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU akaanzisha chama chake, akiamini kwamba Nyerere amelegea. Na kuna kipande ambacho mara nyingi hakisimuliwi: pamoja na kukubali kushiriki, mkutano uliweka muda. Serikali ya madaraka isipopatikana mwaka 1959, TANU ingeingia kwenye migomo na kususa nchi nzima. Yaani hawakusema "tusubiri tuone". Walisema tusubiri hadi tarehe fulani, tukifanya kazi fulani, na baada ya hapo tunajua tutakachofanya. Hii ndiyo subira iliyonivutia. Subira yenye tarehe.

Matokeo mnayajua kwa ujumla, ila tuyaone kwa hatua. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea waliosimama kwa kuungwa mkono na TANU, Waafrika, Waasia na Wazungu, walizoa viti. Miongoni mwao walikuwemo Amir Jamal na Derek Bryceson, ambao baadaye walikuwa mawaziri. UTP ikasambaratika. Uchaguzi wa 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ikashushwa. Ile miaka 20 hadi 25 iligeuka kuwa saba.

Na tusimpe mtu mmoja sifa zote. Bibi Titi Mohamed, mwanamke ambaye hakupata elimu ya juu kama ya Nyerere, alipita kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, akawaingiza TANU kwa maelfu. Vikundi vile tayari vilikuwa na viongozi, michango na utaratibu wa kuitana. Mkutano ukitangazwa asubuhi, jioni watu wamejaa. Njia ya amani inataka watu wengi kuliko vita, maana silaha yake ni idadi na nidhamu. Mtu mmoja anaweza kurusha jiwe. Kuwafanya watu elfu moja wasirushe, hiyo ni kazi ya miezi.

Hapo ndipo nilipokuwa kwenye usomaji wangu, bumu likiwa wiki ya sita halijaingia.

Walioko mwaka wa kwanza pengine hawajui ilivyokuwa. Mangi wa duka la nje ya geti alikuwa ameshafunga daftari la mkopo. Watu walikuwa wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja jioni, na wengine hata huo haukuwepo. Tukienda kuuliza, tunapigwa kalenda: njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, mfumo uko chini. Nilikuwa CR wa darasa letu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa napigiwa simu usiku. "Dada, umesikia chochote?" Sijasikia. "Dada, nimeishiwa kabisa." Najua.

Kisha tukaitwa. Tukaambiwa imeundwa kamati ya kushughulikia suala hilo, wajumbe tisa, wanafunzi wawili. Viti viwili kati ya tisa kwa tatizo ambalo ni letu asilimia mia. Usiku ule tulikutana chini ya miembe nyuma ya hosteli, watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Hoja ilikuwa moja: tuisuse kamati, tufunge barabara. Kaka mmoja alisema kwa sauti kwamba vioo vikivunjika ndipo masikio huzibuka. Alipigiwa makofi. Na mimi nilielewa kwa nini alipigiwa makofi. Tumbo lilikuwa linaunguruma na langu pia.

Niliomba nafasi nikasema tuingie kwenye kamati. Sikutaja Tabora wala Nyerere, maana usiku ule mtu angetaja historia angezomewa. Nilisema hivi tu: tukisusa, kamati itakaa bila sisi na kuandika kwamba wanafunzi walialikwa wakakataa. Tukivunja kioo, kuanzia kesho habari itakuwa kioo. Hakuna atakayeuliza bumu tena. Watauliza nani kavunja, na wale wenye njaa zaidi, wasio na nauli ya kwenda nyumbani wakisimamishwa masomo, ndio watakaolipa.

Rafiki yangu tunayekaa chumba kimoja akanikatiza mbele ya wote. "Shoga, viti viwili kati ya tisa ni dharau."

"Ni dharau," nikamjibu. "Twende tukakae kwenye hiyo dharau tukiwa na majina."

Kulikuwa na kelele, wengine wakaondoka, mmoja akaniita msaliti. Lakini kilichobaki pale kilitosha kuamua mambo matatu. Moja, tunaingia. Mbili, kila CR akusanye orodha: namba ya usajili, tarehe ya mwisho kulipwa, na jibu ambalo mtu huyo alipewa ofisini. Tatu, siku 14. Zikipita, kila asubuhi tutakaa nje ya jengo la utawala, kimya, bila jiwe na bila tusi, mpaka wa mwisho alipwe. Hili la tatu tuliliandika na kulipeleka kwa maandishi, likiwa na tarehe.

Orodha ilitufundisha kitu ambacho hasira haikutuonyesha. Tulipopanga majina zaidi ya mia tatu kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja, ikaonekana kwamba si wote walikwama kwa sababu moja. Kundi kubwa lilikuwa la waliobadilisha kozi. Namba zao za usajili za zamani na mpya zilikuwa zinagongana. Kundi jingine akaunti zao za benki ziliandikwa na kosa la tarakimu. Kwenye kikao cha kwanza tuliambiwa tatizo ni la wanafunzi wachache. Mwenzangu, tuliyekwenda naye kwenye vile viti viwili, akaiweka orodha mezani bila kusema neno. Mjumbe mmoja aliigeuza kurasa hadi mwisho, akavua miwani. Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika.

Siku ya 11 wengi wakapata hela. Siku ya 15 walikuwa wamebaki kumi na kitu, na tukafanya kama tulivyoandika. Walikuja kukaa hata waliokwisha kulipwa. Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote: watu wenye hela mfukoni, wamekaa kwenye saruji ya baridi saa moja asubuhi, kwa ajili ya mtu wasiyemjua jina. Walinzi walikuja, wakatutazama, wakaketi nao kivulini. Wiki ile ile suala likaisha.

Ningeweza kuishia hapa ingekuwa hadithi nzuri. Lakini siku ya tisa, kabla ya hela kuingia, mwenzetu mmoja wa darasani alifunga begi lake akarudi kwao. Alikopa nauli. Ameahirisha mwaka, na sijui kama atarudi. Rafiki yangu wa chumbani alinikumbusha jina lake siku bumu lilipoingia, watu wakishangilia. Hakusema kingine. Tulikaa karibu wiki tatu tukisalimiana tu kama wapangaji.

Nimelifikiria sana hilo. Sidhani jiwe lingemletea hela mapema zaidi. Naamini lingemwondoa yeye pamoja na wengine kumi. Lakini siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba njia ya amani haina gharama. Inayo, na haigawanywi sawa. Siku 14 kwa mwenye mjomba mjini ni siku 14. Kwa asiye na mtu ni njaa mara 14. Ndiyo maana subira isiyo na tarehe ni dhuluma kwa maskini, na ndiyo maana Tabora waliweka mwaka. Semista hii, tuliporudi, jambo la kwanza tuliloanzisha ni mfuko mdogo wa chakula wa darasa, kila mtu na alichonacho. Kama tutawaomba watu wasubiri, lazima tuwalishe wakati wa kusubiri.

Kuna tukio jingine la 1958 ambalo nimekuwa nikilirudia kichwani. Nyerere alishtakiwa kwa makala aliyoandika kwenye gazeti la chama akiwashutumu maofisa wa wilaya wa kikoloni. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili yule yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Alipatikana na hatia: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wafuasi wake wengine walitamani aende jela. Shujaa wa uhuru asiye na kifungo, wapi na wapi? Yeye alilipa faini, kwa michango ya wanachama. Uchaguzi wa kwanza wa kura tatu ulikuwa wiki chache mbele, na gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ndio kwanza ameingia. Akiwa nje angeweza kuzungumza naye na kuwatuliza watu. Akiwa ndani, yeyote angeweza kuwasha moto kwa jina lake.

Kwetu wanafunzi hapo kuna somo gumu. Tunapenda viongozi waliokamatwa. Picha ya mtu ndani ya gari la polisi inasambaa kwenye simu kuliko picha ya mtu anayepanga orodha. Lakini swali si nani ameteseka hadharani. Swali ni kipi kinasogeza jambo.

Sasa, mtu aliyenisoma hadi hapa anaweza kudhani namtakasa Mwalimu. Hapana. Ukiwa mwanafunzi wa chuo Tanzania ukamsifu Nyerere bila kutaja 1966, unakwepa. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa huku sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo ikikatwa. Hawakuwa na silaha. Bango mojawapo lilidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali, na unaweza kufikiria lilivyomchoma mtu aliyepita kwenye kura tatu. Aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza karibu wanafunzi 400 warudi kwao. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Tangu 1962 kulikuwa pia na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na sheria hiyo ilitumika.

Nakiheshimu kitendo cha kukata mshahara wake. Sijaona wengi wanaokasirikia marupurupu ya wengine wakaanza na yao. Lakini mtu aliyewaambia wajumbe wa Tabora kwamba meza isiyo ya haki inafaa kukaliwa, hakuwapa wanafunzi wale meza. Nafikiri njia aliyotufundisha ni kubwa kuliko yeye. Tunaweza kuichukua kutoka kwake na kuitumia hata kumuuliza yeye, na kumuuliza kila aliyekuja baada yake, na kujiulizana sisi kwa sisi kwenye umoja wetu wa wanafunzi, ambao nao una viongozi wasiopenda maswali.

Wala hakuwa mtu wa kusema amani hata iweje. Mwaka 1963 Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapiganaji wa FRELIMO walijiandaa katika ardhi yetu. Wengine huona huku ni kujipinga. Mimi naona msimamo mmoja. Msumbiji, Wareno walikuwa wamefunga kila mlango. Hapakuwa na baraza la kuingia wala kura ya kugeuza. Tanganyika mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, mwembamba na wa kudhalilisha, na yeye aliwashawishi watu wenye hasira ya haki wapite humo wakiwa wameinama, ili upande wa pili wasimame. Anayechagua amani lazima kwanza achunguze mlango. Na mkononi mwetu hapa chuoni, wenzangu, milango mingi tunaiita imefungwa kabla hata hatujaisukuma.

Nimemaliza ukumbusho, sasa niseme lililoko mbele. Kamati ile haikuvunjwa, na bado wanafunzi tuna viti viwili kati ya tisa. Mwezi uliopita tuliandika kuomba vinne, tukaweka tarehe ya kujibiwa: mwisho wa wiki ya nane ya semista hii. Kwenye viti hivyo viwili, kimoja ni changu hadi Juni, na kingine kimechukuliwa wiki mbili zilizopita na rafiki yangu wa chumbani, aliyeshinda kura za wanafunzi akisema wazi kwamba hakubaliani na mimi kuhusu zile siku 14. Anasema zilipaswa kuwa saba. Tunabishana kila usiku mpaka taa inazimwa, na nadhani kamati itatuona ni wabaya zaidi tukiwa wawili.

Kama umebadilisha kozi, au akaunti yako imerekebishwa hivi karibuni, mpe CR wako namba yako ya usajili kabla ya Ijumaa. Usingoje bumu lichelewe. Na kama umeshalipwa na huna tatizo lolote, wiki ya nane acha asubuhi yako wazi. Huenda tukakuhitaji ukae.